Uji wa Nyaga

Harufu ya uji wa wimbi uliochachuka hunitoa machozi mpaka leo, na watu hudhani ni moshi. Ni harufu ya jikoni kwa nyanya yangu, Kibirichia, msimu ule tulipomaliza kuvuna viazi na shule zikafungwa. Nyanya alikuwa akiutikisa uji ule kibuyuni, anaonja, anatikisa tena, ungedhani anampikia mgeni mkubwa. Mgeni mwenyewe alikuwa mwanawe wa kwanza, Nyaga, aliyekufa kwa njaa kabla baba yangu hajazaliwa.

Nyanya aliolewa kwanza upande wa Embu, chini ya kilima kitakatifu ambako wazee waliomba mvua tangu enzi na enzi. Hapo haukatwi mti, hata fimbo ya kuchungia huokoti. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Wakoloni wakawafungia watu wote katika kijiji kilichozungushiwa handaki, ubavuni mwa kilima hicho hicho, mashamba yao wakawa wanayaona kwa macho tu. Watoto wakaanza kwenda mmoja mmoja. Nyanya alimzika Nyaga kilimani, na kwa kuwa alama za makaburi zilikatazwa, akachomeka hapo tawi la mti wa mpaka, ule tunaoutumia kutenga mashamba. Tawi hilo hushika upesi, na kwetu hakuna mtu, hata awe mwehu, anayeng'oa mti wa mpaka. Baadaye mumewe naye akafa, nyanya akaolewa Meru, asirudi tena. Sasa magoti yalikuwa yanamwisha, na alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kumnywesha mwanawe.

Baba, mzee wa kanisa, hakupendezwa. "Mama, maiti hanywi uji," akasema. Nyanya akamtazama. "Wewe ulishiba. Nyamaza." Uchungu wa mwana aujua mzazi; baba akatusindikiza hadi stendi.

Tulipanda kilima polepole, mimi nimebeba kibuyu, yeye ameshika bega langu. Alikuwa na furaha, jamani! Alinichekesha njia nzima, akisema Nyaga sasa angekuwa mzee wa kitambi anayesumbua wakwe. Tulipofika akaliachia bega langu. Ubavu mzima wa kilima ulikuwa miti ya mpaka mitupu, mashina yamesongamana, yote ya aina moja, kuanzia juu hadi kwenye handaki la zamani.

Mwanamke aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe huko chini alituona tumeduwaa, akatufuata. "Cucu, unatafuta wako?" akauliza, akimwita nyanya kwa lugha yao. "Hata mama yangu alikuja akamkosa. Kila mmoja wenu alichomeka huo huo, kwa siri, akidhani ni yeye peke yake aliyewaza hivyo."

Nyanya aligusa shina moja, akagusa lingine. "Nyaga?" akaita. "Nyaga?" Wahenga husema kifo cha wengi ni harusi. Uongo mtupu! Niliwaona wale wengi siku hiyo, na hapakuwa na harusi yoyote. Nyanya akachukua kibuyu, akaanza kumwagia kila shina tone. "Kunywa, baba. Na wewe pia, kunywa." Uji ukaisha kabla hajaifikia miti ya chini, karibu na handaki. Akakitikisa kibuyu kikiwa kitupu, akaketi, akalia kwa sauti bila haya. "Pengine ni yule pale," akasema, akionyesha iliyobaki. "Pengine amelala njaa tena."

Hakupata nafasi ya kurudi. Siku hizi amelala Kibirichia kwenye kaburi la vigae, jina na picha juu, hata gizani hulikosi. Mimi ninaishi Nchiru, kwenye vibanda vya chakula kila kona, na wanangu hukataa ugali wa jana. Kilima chenyewe kimezungushiwa ua. Vijana huja kupiga picha katika kivuli kile kizuri. Siwalaumu, nani amewaambia?

Agosti iliyopita nilipanda huko na wanangu, tumebeba mitungi ya uji. Tulianzia chini, karibu na handaki, pale nyanya alipoishiwa, tukapanda mti kwa mti mpaka juu. Wanangu waliniona nikikaa chini na kulia, wakauliza kama nimechoka. Nikawaambia hapana, ni kwamba uji umebaki.