Vyungu Vinavyotoka Jasho

Mama Vyungu hakuwa na shamba, na jambo hilo lilimkera kuliko maumivu ya magoti yake. Mwishowe wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akamwachia kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kigumu kama kisigino. Sharti lilikuwa moja: kunde zikifika mavuno, kipande ni chake moja kwa moja, zikikauka, arudi kufinyanga na asimsumbue mtu.

Bwana shamba akampa mbinu. Afukie chungu hadi shingoni, akijaze maji, akifunike, kisha apande kunde kukizunguka. Maji yatapenya taratibu mpaka kwenye mizizi, jua lisiyaguse. Mama Vyungu akacheka. Kwenye vyungu, nani wa kumfundisha? Akafinyanga kumi na viwili, akavisugua kwa kokoto laini mpaka vikang'aa, akavichoma, akavipaka uji wa kuziba vitundu.

Wiki mbili baadaye kunde zilikuwa hoi. Akafunua chungu cha kwanza: maji yamejaa vilevile. Cha pili, cha tatu, hadithi ileile. Maskini, ustadi wake ndio uliokuwa unaziua! Miaka arobaini amevunja kwa hasira kila chungu kinachovuja, leo anatakiwa atengeneze vya kuvuja kwa makusudi.

Alinuna siku nzima. Kisha akaomba unga wa mbao kwa seremala jirani, akauchanganya na udongo ili uungue motoni na kuacha vitundu. Hakusugua, hakupaka kitu. Huku vyungu vipya vikikauka, kunde alizinywesha kikombe kwa kikombe. Siku ya kuvifukia aliwahi kabla majirani hawajatoka, kwa aibu, akatandaza mabua juu ya udongo.

Mvua iligoma msimu mzima. Wakati wa mavuno wifi akaja, mikono kiunoni, maneno ya kumsuta yako tayari mdomoni. Akapiga magoti, akachimbua kwa kidole. Udongo ulikuwa na unyevu, na ubavu wa chungu ulikuwa unatoka jasho. Akachuma ganda moja la kunde, akalipasua, limejaa punje nono.

"Shamba ni lako, wifi," akasema. "Ila na mimi nifinyangie vyungu. Vibovu kama hivi."

Wengine wote waliowahi kuviita vyungu vyake vibovu walifukuzwa uani. Lakini huyu, Mama Vyungu alimkumbatia, akamuuliza anataka vibovu vingapi.