Siku Saba Bila Shikamoo

Mama yangu alinifukuza nyumbani kwake Mlola nikiwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa watu, na watoto wangu wakubwa. Nilikuwa nimemfokea mbele ya majirani kwa sababu alikuwa bado anateremka bondeni kumwagilia kabichi licha ya goti lake bovu. Nikampokonya ndoo nikaitupa. Hakulia wala hakubishana. Aliniambia tu, "Usikanyage hapa mpaka mdomo wako utulie."

Miezi miwili nilipiga simu, hapokei. Ndiyo maana mwalimu mwenzangu pale Lushoto mjini aliponiambia kuna mtawa wa Kibuddha amepanga nyumba kando ya njia ya Mlola, anafundisha watu kutuliza nafsi kwa kukaa kimya siku saba, nilikubali kabla hajamaliza. Niliuliza jambo moja, nitaambiwa niabudu nini? Akasema huambiwi kitu, swali swala zako kama kawaida. Nikafunga mkoba. Nilitaka mdomo uliotulia niupeleke kwa mama kama cheti.

Tulikuwa tisa. Usiseme, usimtazame mtu usoni, usiue hata kiroboto, usile baada ya adhuhuri. Hili la mwisho lilinivuruga kabisa. Tumbo langu limelelewa na Ramadhani, linajua kuvumilia mchana na kula jua likizama. Wenzetu hawa wanakula asubuhi na mchana, halafu magharibi, wakati tumbo linangojea adhana, unapewa chai ya mchaichai isiyo na sukari. Nilikasirika kila magharibi.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa chini na kufuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Basi. Mtawa, kijana mpole mwenye kichwa kilichonyolewa, alisema kupitia mkalimani kwamba hasira ikija tusiifukuze wala tusiifuate, tuitaje tu jina. Nikataja hasira, hasira, hasira tangu alfajiri, mpaka ikawa kama naiita ije. Goti likaanza kuniuma. Nikakumbuka goti la mama, nikakasirika upya.

Siku ya tano tulitolewa nje kujifunza kutembea. Unainua mguu, unausogeza, unaushusha, macho chini, kwenye njia ile ile wanayopita watu wa Mlola na mizigo ya karoti kwenda gulioni. Watu wazima tisa tunatembea kama tumeangusha sindano. Akaja bibi jirani, wa nyumba iliyo chini ya kwa mama, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nilizitambua ndala zake. Kwetu hilo halina mjadala, mdogo ndiye anayeanza kuamkia. Mimi nikainua mguu, nikausogeza. Bibi akasimama na mzigo wake kichwani, akaanza yeye, mkubwa.

"Mwanangu, hujambo?"

Nilikuwa nimebakiza siku mbili. Nikajiambia, nikifungua mdomo hapa nimeshindwa, na mama nitampelekea nini? Nikashusha mguu. Nikampita.

Siku mbili hizo sikufuatilia pumzi yoyote. Nilimkasirikia mtawa, nikamkasirikia mwalimu mwenzangu, nikamkasirikia hata bibi kwa kupita njia yake mwenyewe. Zaidi nilijikasirikia mimi, mjinga niliyeacha kumwamkia mtu mzima ili nijifunze adabu.

Tulipofunguliwa niliteremka Mlola moja kwa moja. Kwa bibi nilikuta mlango umefungwa, yuko shambani. Kwa mama nilimkuta kwenye mkeka mlangoni, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Harage bovu likatupwa pembeni.

"Nimeambiwa siku hizi husalimii watu," alisema, bila kuinua macho.

Nilitaka kupiga kelele kwamba yote yale niliyafanya kwa ajili yake, njaa ile, goti lile, hata aibu ile ya njiani. Nikaitaja kimoyomoyo, hasira. Nikakaa ukingoni mwa mkeka, nikavuta ungo, nikaanza kuchambua.

"Shikamoo, mama," nilirudia baadaye. Hakuitikia.

Tukachambua. Jua likahama kutoka mkekani. Miguu ikafa ganzi, nami sikusema neno, na nilichukia kila dakika yake. Hatimaye mikono ya mama ikasimama. Akanitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mbona hufoki?"

Nikaokota harage jingine.

"Foka basi, nijue ni wewe."

Hapo ndipo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa na tope jeusi la bondeni, linaloanza tu kukauka, mpaka kwenye vifundo.

"Mama! Umeteremka tena? Na goti hilo? Nani atakuokota ukianguka kule, kabichi?" Nilifoka hadi kuku wakakimbia uani.

"Marahaba," alisema mama, akanisogezea maharage mengine.