Anaenda Vizuri Sana

Miaka mitatu iliyopita nilitoka kwa mume wangu, upande wa Homa Bay, nikaja Suna kumuuguza ndugu yangu mkubwa kwa wiki mbili. Wiki mbili! Shimo la dhahabu lilikuwa limemwangukia kule Macalder, likamwachia kichwa kizima na miguu isiyosikia hata ukiifinya. Mama alishafariki. Mke wake alijaribu, akachoka, akarudi kwao, na wala simlaumu. Nikabaki mimi. Ukiwa binti uliyeolewa na bado unalala bomani kwa wazazi wako, watu hukusalimia vizuri tu, halafu wakikupita wanaanza kuongea.

Kwa serikali nilitaka kitu kimoja: kiti cha magurudumu. Sikutaka huruma wala hotuba. Ndugu yangu ni pande la mtu, na kila siku mimi ndiye humtoa kitandani, nikampeleka chooni, nikamrudisha. Mgongo wangu mwaka wa kwanza ulinung'unika. Siku hizi unapiga kelele. Lakini kiti hupewi bila kadi ya ulemavu, na kadi huipati mpaka mtu wa ustawi wa jamii aje akuone na ajaze fomu.

Basi akaja. Msichana mpole, si wa huku, Dholuo hajui. Tuliambiwa siku yake, kwa hivyo nilimwosha ndugu yangu, nikampigia shati pasi, nikampaka viatu rangi, nikamkalisha sebuleni kama bwana harusi. Ungefanya nini wewe? Mgeni anakuja, umwache mtu wako kwa blanketi yenye harufu?

Kiswahili ndugu yangu anakijua, ila ni kile cha mashimoni, nusu yake matusi, akaona haya kumtolea mgeni. Nikawa mkalimani. Madam aliuliza mengi, mwishowe akafika kwenye swali la miguu.

"Muulize, huwa anaenda aje?"

Nikamgeukia. "Idhi nade?"

Sasa maneno hayo kwetu ndiyo salamu. Unaendaje, yaani hujambo. Na salamu ina jibu moja tu, hata kama nyumba inaungua. Ndugu yangu akajiweka sawa, akatabasamu. "Adhi maber ahinya."

"Anasema anaenda vizuri sana," nikasema.

Mimi mwenyewe, na mdomo wangu huu! Nilikuwa nimechoka, sikio langu liko jikoni kwa chai. Madam akatazama vile viatu vinavyong'aa, akaandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Akapona kweli, kwenye fomu.

Majibu yaliporudi, naibu wa chifu alinisomea: anatembea bila shida, hastahili. Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa chini pale pale nje ya ofisi yake, nikalia mpaka akaniletea maji. Nyumbani nikamweleza ndugu yangu. Akasema, "Yawa! Kumbe natembea na hamniambii."

Kuomba kupimwa upya kulichukua miezi. Njoo Jumatatu, mkubwa ako mkutanoni, leta kopi nyingine, ile ya kwanza haionekani. Zamani mume wangu akipiga simu aliuliza nitarudi lini. Siku hizi anauliza kama huku kumenyesha.

Siku ilipofika nilimpakia ndugu yangu kwa tuktuk bila kumwosha. Niliona aibu njia nzima. Ofisini nikamweka kwa benchi, jasho linanitoka. Alikuwa ni yule yule madam. Sikufungua mdomo. Nilikuwa nimemwambia ndugu yangu, leo utajisemea.

"Mzee, unaenda aje?"

Akatazama sakafu. Tuna sheria yetu, mimi na yeye: nikimwosha anafumba macho, mimi naangalia ukuta, tunaongea habari za mahindi. Jambo hilo hatujawahi kulitaja, hata sisi wawili.

"Siendi," akasema kwa Kiswahili chake cha mashimoni, bila tusi hata moja. "Choo ananipeleka huyu. Ananiosha huyu. Ni dada yangu wa tumbo moja, madam. Dada yangu."

Madam akaandika, pole pole safari hii, kisha akatuambia fomu iko sawa, itapita, tungoje kupigiwa simu kuhusu kiti. Nilitaka kufurahi, nikakosa nguvu. Alipokuwa anafunga faili akaniangalia, nadhani ni mara yake ya kwanza.

"Na wewe mama, unaendelea aje?"

"Vizuri sana," nikasema. Jibu lilitoka lenyewe.

"Uongo!" Ndugu yangu alipiga benchi kwa kiganja, watu wa kwenye foleni wakageuka. "Huyo haendi vizuri. Mgongo wake umekwisha. Bwanake anamngoja miaka tatu. Andika hiyo pia."

Madam akafungua tena lile faili. Akapindua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Alitafuta kwelikweli, sitamsingizia. Akatuonyesha mahali palipoandikwa jina la mlezi, na namba yangu ya kitambulisho mbele yake.

"Jina lako liko hapa tu," akasema. "Hii ingine haina mahali pa kuandika."

Nikamwambia asante. Dereva wa tuktuk alikuwa anapiga honi nje. Nikachuchumaa mbele ya benchi, ndugu yangu akanishika shingo, nikamwinua.