Salamu Iliyomponyoka Mama Kaburi

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Mwisho wa korido ya chini ya chuo, katika chumba kilicho jirani na stoo ya viti vibovu, mwanamke wa miaka hamsini na minane anapangusa viti viwili, anaweka boksi la tishu katikati, kisha anakaa. Leo ni siku ya ishirini na tatu anamngoja mtu mmoja.

Kazi yake ni kusikiliza. Mwanafunzi aliyeonewa, mhadhiri aliyekosana na mkubwa wake, mfagizi aliyetukanwa, wote huja kwake wakatua mzigo, naye akawaonyesha pa kushika. Hafungui faili. Hatoi neno bila ruhusa ya mwenyewe. Chumba kina milango miwili, anayeingia asipishane na anayetoka. Wanafunzi wakambandika jina: Mama Kaburi.

"Mwanzo nilichukia," anasema. "Nani anataka kuitwa kaburi angali anapumua? Baadaye nikaringa nalo." Siku hizi likitajwa, anatazama sakafu.

Liko sharti ambalo kila mgeni wake huambiwa: mkikutana nje, hakusalimii, watu wasijue kwamba ulifika kwake. Ukianza wewe, ataitikia. Usipoanza, atakupita kama nguzo. Miaka kumi na tisa amewapita watu hivyo, wengine wakisema ana maringo.

Sharti hilo alilivunja mchana mmoja kantini. Kisa kinaandikwa kwa idhini ya binti mwenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Wiki moja kabla, binti huyo alimjia. Mhadhiri anayesimamia utafiti wake alikuwa ameukalia miezi minne, na kila akiuulizia alipewa kazi za mhadhiri azichape. Hakutaka kushtaki. Alitaka ushauri tu.

"Nikamwona kwenye foleni, amekonda," anasema Mama Kaburi. "Moyo ukanitangulia. Nikamuuliza, 'Mwanangu, amekurudishia utafiti wako?' Alipoinua macho hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu."

Nyuma yake, sahani mkononi, alikuwa mhadhiri yuleyule.

"Kumbe tunasemwa!" akacheka, foleni nzima ikasikia. Jioni hiyo akamrudishia binti makaratasi yake, hayana hata alama ya kalamu. "Nenda ukasimamiwe na mama yako wa kantini."

Bila msimamizi, binti hahitimu mwaka huu.

Habari hazikulala. Waliokuwa wakija kumi na mmoja kwa wiki wakabaki wawili, na mmoja wao alikuwa anaulizia stoo.

Kumfuata binti amwombe radhi hakuweza, maana ingekuwa kumwanika tena. Nyumbani, mumewe, fundi saa mstaafu, alimtazama akikoroga chai mpaka ikapoa. "Mke wangu, hiyo chai imekukosea nini?"

"Aibu nyingine unamlilia mumeo," anasema. "Hii ningeieleza, ningekuwa nimeitoa siri ya mtoto wa watu mara ya pili."

Saa nne na dakika kumi mlango unafunguka. Si ule wa kuingilia, ni wa kutokea. Binti anasimama hapo, hakai.

"Shikamoo." Sauti kavu.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nili..."

"Sijaja kukusamehe, mama. Nataka unisindikize kwa mkuu wa idara. Useme uliyoyasikia humu. Nimekuruhusu."

"Yote?"

"Yote. Na la kantini."

Mama Kaburi anaikunja tishu mpaka inakuwa kama punje. "Hilo ndilo nitaanza nalo. Kosa la kwanza ni langu."

Watakwenda kesho saa tatu. Anaomba binti apate msimamizi mwingine kabla muhula haujafungwa. Baada ya hapo atauandikia uongozi wa chuo kosa lake, waamue kama kiti hiki bado ni chake.

Binti ameshashika kitasa. Anasita.

"Kesho ukiniona pale nje," anasema, "nisalimie."