Sehemu ya Tatu Nililala

Kilichonitia barabarani ni maneno ya binti yangu, Mwende: "Mum, ukikosa na hii, basi usijisumbue tena." Anasoma muziki Houston. Maonyesho yake mawili ya kwanza yalinikuta nikiwa zamu. Mimi ni nesi huku Irving, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari kutoka kwake.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilitoka zamu ya usiku nikaingia garini moja kwa moja. Kulala ningelala saa ngapi?

Corsicana, kahawa ya kwanza. Huntsville, ya tatu, na mvua juu. Nilifungua dirisha nikaimba nyimbo za kwaya nisije nikasinzia. Mgongo uliniuma hadi nikalia kidogo, siwafichi.

Missouri City, kando tu ya Houston, saa nane. Mama Kioko, rafiki yangu tangu Machakos, alinipa chai na chapati.

"Lala kidogo, dada, nitakuamsha."

"Nikilala hapa, hata parapanda haitaniamsha."

Saa kumi tulikuwa ukumbini. Walitokea jukwaani wanne: fidla mbili, selo ile ya kushikwa kati ya magoti, na Mwende na viola yake, ile fidla kubwa kidogo. Mtunzi alikuwa Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, ambaye hata mzee aliyekaa kando yangu hakuwahi kumsikia. Sehemu ya kwanza ilinishika. Ya pili nilichezesha mguu. Ya tatu ilikuwa ya polepole, Mwende akiongoza, na kiti kilikuwa laini mno. Usingizi ukanichukua.

Nikazinduka, kimya kimetanda. Maskini mimi, nikadhani imekwisha! Nikasimama, nikapiga kigelegele cha kumpokea bibi harusi. Ukumbi mzima ukageuka. Kumbe hawashangilii mpaka sehemu zote nne ziishe. Nikakaa, uso ukiniwaka kwa aibu.

Baadaye, mlangoni, Mwende alisema, "Ulilala, Mum."

"Nililala, mwanangu. Nisamehe."

Alinibebea mkoba mpaka garini.

Jumapili, njiani kurudi, nilisimama tena Huntsville nikakuta amenitumia rekodi ya sehemu ya tatu. Niliisikiliza yote. Viola inaimba taratibu, na chini yake kuna mtu anakoroma. Kisha kimya. Kisha kigelegele.

Ameandika: "Wenzangu walitaka tukikate hicho kigelegele. Nimekataa. Hapo ndipo nilipojua umekuja."

Nililia tena, safari hii si mgongo. Sasa najua kuhesabu mpaka nne kabla ya kushangilia. Na kwa onyesho lijalo nimeshaomba ruhusa ya siku mbili: ya kwanza ni ya kulala.