Pindo la Msitu Wetu

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Siku za kazi utamkuta kwenye kibaraza cha duka la rangi, tepu shingoni, pini zimebanwa mdomoni, akimsema mteja aliyenenepa bila hata pini moja kudondoka. Sijui anawezaje. Nilijaribu, nikajichoma ulimi.

Jumamosi hashoni. Anavaa suruali kuukuu ya mumewe, anafunga kitambaa kichwani na kwenda msituni. Msitu wenyewe si wa kutisha: ni kipande cha miti ya asili kilichobaki kati ya maghorofa yetu na barabara kubwa. Ukiita upande huu, mtu wa upande ule anaitika. Yeye na majirani wachache wanaung'olea magugu, na hakuna anayewalipa hata soda. Adui wao mkubwa ni kichaka chenye miba na vimaua vya manjano na pinki. Kikishika mahali, hakuna mche mwingine unaopumua. Shangazi amekibatiza Mgeni Asiyeaga.

Nilipoanza kufuatana naye, kitu kimoja kilinishangaza. Hawaanzii pale palipoharibika! Wanaanzia katikati, miti ya asili inapostawi, wanang'oa kidogo, wanasubiri miche ijiotee, ndipo wanasogea nje hatua chache.

"Ukifyeka pabaya kwanza," Shangazi aliniambia, "Mgeni anarudi na ndugu zake wote. Uache mti usogee wenyewe. Sisi tunaufungulia mlango tu."

Basi ndani kukapendeza, lakini ukingo wa barabarani, ule unaoonwa na kila mpita njia, ukabaki pori la miba. Hakuna aliyelifikiria hilo mpaka kibaka alipochomoka humo akampora binti mmoja simu.

Mama Mwenyekiti, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja mpaka kibarazani.

"Fundi, miaka yote mnaingia humo. Huwa mnafanya nini, mnalala?"

"Ingia ndani uone, mama."

"Wezi hawako ndani, wako barabarani. Jumatatu nikikuta bado kuna maficho, greda linasawazisha kote. Kote, Fundi!"

Usiku ule Shangazi hakumaliza hata chai yake.

Jumamosi tukaenda moja kwa moja ukingoni. Tulifyeka mpaka mikono ikawa kama tumepigana na paka. Kikabaki kichaka kimoja tu, kinene kuliko vyote. Shangazi akainua panga, akaganda. Ndani ya miba kulikuwa na kiota, na makinda yenye midomo mikubwa kuliko vichwa.

"Fundi," alisema Babu Honi, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kicheko chake. Safari hii hakucheka. "Ni hao au msitu mzima."

"Nikikata, wanakufa."

"Greda likija watapona?"

Shangazi alikaa chini kwenye nyasi. Alikitazama kichaka, akainamisha kichwa pembeni, vile anavyomtazama mteja aliyevaa gauni linaloburura.

"Kosa lake ni kuburura chini," akasema. "Tukipandishe pindo."

"Tufanye nini?"

"Huku chini tukate matawi yote mpaka usawa wa kiuno. Juu tusiguse."

"Nimeendesha lori mpaka nikazeeka," Babu Honi akanung'unika akipiga magoti, "sijawahi kumfupishia mti gauni."

Tulikuwa bado tunaokota matawi Mama Mwenyekiti alipofika; hakusubiri Jumatatu.

"Na hiki je? Mmekinyoa miguu tu?"

"Kuna makinda, mama. Wakiruka, tunakiondoa. Lakini inama kwanza. Mwizi atajificha wapi hapo?"

Aliinama. Haikutosha, akapiga magoti na sketi yake ya ofisini. Nami nikainama kando yake. Kwa chini kulikuwa wazi kabisa, mpaka ungeona nguo zilizoanikwa kwenye maghorofa. Na katikati ya msitu ilisimama miche ya asili, mingine imeshanipita kimo. Juu ya vichwa vyetu makinda walianza kudai chakula.

"Hii yote mmepanda nyie?" aliuliza polepole.

"Hatukupanda hata mmoja. Tulimtoa mgeni, ikajiotea yenyewe."

Shangazi alikuwa ameshika panga kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Greda nitalipigia simu lisije," Mama Mwenyekiti akasema mwishowe. "Ila miba isiote tena ukingoni hapa, Fundi."

"Haitaota, mama."

"Haya. Sasa mnanitazama nini? Nipeni mkono, siwezi kunyanyuka!"

Shangazi alitupa panga, akamshika kwapani. Babu Honi akashika upande wa pili, na kicheko chake kikatoka chote kwa mpigo.