Chenga Hazikuwa za Simu ya Akinyi

Kosa ni langu. Si la simu, si la stima, na si la msichana aliyebebeshwa lawama. Nimechoka kulibeba peke yangu, kwa hivyo wacha nikuambie wewe usiyenijua.

Mimi ni mama, naishi Kawangware 46. Nina kaduka ka kuhariri video za harusi na matanga. Nilinunua monita mpya, kubwa, nikaringa nayo vibaya. Hata majirani niliwaita waje waone.

Kazi ya kwanza kwa hiyo monita ililetwa na mama mmoja wa mtaa wa Gatwekera, tumwite Mama Akinyi. Bwanake, fundi wa mjengo, alikuwa ameaga kwa ugonjwa wa figo. Siku zake za mwisho, binti yao Akinyi alikuwa akimrekodi video kwa simu. Mzee ameketi kitandani, anawaeleza watoto wake kwao ni wapi, nani alizaa nani, huku akiwatania. Walitaka nizipange video hizo ziwe filamu moja ya kuonyesha ushago, kijijini kwao, siku ya ukumbusho.

Akinyi mwenyewe ndiye alinipa memori kadi. Aliniomba niichunge sana, kwa sababu sauti ya babake haikuwa mahali pengine popote.

Nikahamisha kila kitu kwa kompyuta. Nilihamisha, sikunakili. Kadi ikabaki tupu.

Kufungua, nikakuta uso wa mzee umejaa chenga, kama mtu unayemwangalia kupitia neti ya mbu. Hapo ndipo ningesimama nijiulize. Mbona sikuiweka ile video kwa simu kwanza, nione? Kiburi tu! Monita ilikuwa mpya, sasa kosa lingetoka wapi kama si kwa simu ya bei rahisi?

Nikazipitisha kwa programu ya kusafisha picha. Chenga zikapungua, lakini uso ukaenda nazo. Mzee akawa laini kama mshumaa, macho hayana uhai. Kelele za mvua kwa mabati nikazitoa, nikatoa na nusu ya sauti yake. Na kwa vile kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta zile video za kwanza zote.

Walipokuja kuangalia, Mama Akinyi alisogea karibu na monita. Kisha akauliza mbona uso wa mzee unakaa hivyo. Nikamwambia, bila hata kupepesa macho, kwamba aliyerekodi alishika simu vibaya, tena chumba kilikuwa na giza.

Akamgeukia binti yake.

"Kitu moja tu babako alikuachia ufanye, na hiyo pia ikakushinda."

Akinyi alijaribu kusema kwamba kwa simu zilikuwa safi. Nikamkata, nikamwambia simu ni ndogo, huficha makosa. Yaani nilikuwa na jibu kwa kila kitu! Akaangalia chini.

Siku chache baadaye nikafungua video ya harusi ya wateja wangu wa Nyayo Highrise. Hiyo nilikuwa nimeihariri kwa monita ya zamani, na najua ilikuwa safi. Chenga zile zile. Nikaiweka kwa simu: hakuna chenga hata moja.

Nikatafuta mpaka nikapata. Kitambo nilikuwa nimeiseti programu ya kuhariri inionyeshe picha nyepesi, ya ubora wa chini, ninapofanya kazi, ili kompyuta isikwame. Kwa monita ndogo ya zamani haikuonekana. Kwa hii kubwa ikajianika. Nikabonyeza mahali pamoja tu, chenga zikaisha. Video za mzee hazikuwa na shida yoyote, tangu mwanzo.

Nikapeleka kompyuta na ile kadi kwa mafundi wanaorudisha vitu vilivyofutwa. Wakasema nimeshaweka kazi zingine mahali zile video zilikuwa, hakuna cha kuokoa.

Utadhani nilikimbia Gatwekera siku hiyo. Sikwenda. Niliogopa aibu, niliogopa wateja wanihame. Nikawaacha waende ukumbusho na ile filamu yangu ya mshumaa.

Nilienda tu baada ya kusikia kwamba Akinyi ametoka nyumbani. Huko ushago watu wa ukoo walimsema mbele ya wageni, mamake akaongeza yake. Waliporudi Nairobi akabeba nguo zake, na simu yake haijashika tena.

Nilimkuta Mama Akinyi akiosha vyombo mlangoni. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alipangusa mikono kwa leso, akaniuliza kama kuna hata kidogo kilichobaki. Nikasema hakuna.

"Wewe umepoteza video," akaniambia. "Mimi nimefukuza mtoto wangu na mdomo yangu, juu ya maneno yako. Nikimpata nitamwambia nini?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimeulizia Akinyi kwa marafiki zake, kwa kanisa lao, kwa saluni alikokuwa akisuka. Hakuna anayejua, ama hawataki kuniambia.

Wewe uliye na kazi ya watu mkononi, usifute cha mtu kabla hujajua kosa liko wapi. Na ukijua ni lako, usingoje upate ujasiri, maana hauji. Enda ukiwa na hiyo aibu yako, useme, mtoto wa watu akiwa bado nyumbani.